Askari Aliyerudishiwa Mkono

Kwa miaka sita Hezron wa Hasamba aliishi kwa mgongo wake, akipakia na kushusha magunia mpakani Tunduma. Kisha akaanza kuishi kwa koo lake. Nilipokutana naye, Julai 2007, alikuwa mtafsiri katika banda la video la Faudhia, hatua chache kutoka kwenye foleni ya malori. Alikaa juu ya kreti kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akiwaambia watu kwa Kiswahili yale yaliyokuwa yakisemwa kwenye kioo kwa lugha yoyote ile. Nimewahi kukaa kwenye kumbi zenye mazulia nikawasikia wakalimani wenye vyeti wakiomba maji na kuomba radhi. Hezron hakuomba chochote. Alitafsiri Kichina, Kihindi na Kireno bila kujua hata salamu za lugha hizo, na watu walitoka wameelewa.

Aliyenipeleka bandani ni Manase, dereva wa lori nililokuwa nimepanda kwenda Lusaka. Karatasi yetu moja ilikuwa haina muhuri, na mwenye muhuri alikuwa amesafiri kwenda msibani.

"Siku mbili tatu," alisema Manase akizima injini. "Twende ukaone askari. Mimi nina kazi naye."

"Askari gani?"

"Wa angani."

Tuliingia saa tisa alasiri. Banda lilikuwa la mabati, mabenchi yake yamepigiliwa mbao za kreti, na baridi ya Julai ilipita chini ya ukuta kama vile nayo imelipa kiingilio. Kwenye kioo palikuwa na katuni, kazi nzuri ya mkono wa mtu mwenye subira: sayari yenye pete za barafu, na jeshi lililokuwa likilinda pete hizo dhidi ya maadui wa upande wa pili. Watu wa katuni walizungumza Kijapani. Ninakijua kidogo, cha kuombea chakula na njia. Kamanda mmoja alisema "subiri", neno moja tu, na Hezron akatafsiri:

"Kapteni Sichone, hiyo semi yako ya angani haivuki hapa. Ushuru hujalipa, na dereva wako amelewa."

Banda zima likacheka. Nikafunga mdomo, na nikaendelea kuufunga kwa siku tisa.

Sichone ndiye aliyekuwa askari mwenyewe. Jina lake la Kijapani lilikuwa refu, Hezron akampa la Kinamwanga, na Wanamwanga waliokuwa bandani wakamchukua kabisa kama ndugu yao aliyefanikiwa. Siku ile, ambayo ilikuwa ya kwanza ya katuni hiyo, Sichone alikuwa kapteni mwenye mkono wa kushoto wa chuma, mpole, asiyesema sana. Maadui walipomjia alikataa kuwapiga. Alikaa dirishani akatazama nyota hadi diski ikaisha.

Watu waliposimama, Manase alinionyesha mzee aliyevaa koti la jeshi lililofifia, katika benchi la mbele.

"Huyo ni Afande Jonasi. Analinda ghala la mahindi kule chini. Alipigana vita vya Kagera, vidole viwili vya mkono wa kushoto aliviacha Uganda. Ana binti, Sekela. Hezron anamtaka Sekela, na mimi ndiye mshenga."

"Umeshaenda?"

"Nimekwenda mara tatu. Mara ya tatu mzee kanijibu." Manase alikuna kidevu. "Kasema hivi: kijana wenu anasimulia habari za askari kuanzia leo. Nataka nione atamfikisha wapi. Askari yule akifika mwisho, na mimi nitatoa jibu."

"Kwa hiyo Hezron akimuua Sichone?"

"Hezron hataoa."

Diski zilikuwa tisa. Hezron alizinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa fedha za Faudhia, kutoka kwa mama mmoja wa Kibemba aliyempangia zote katika rundo moja, akamfungia kwa mpira na kumwambia "natotela sana", yaani asante sana. Maandishi ya jaladani yalikuwa ya Kijapani matupu. Hezron alifanya kama ambavyo kuli yeyote wa Tunduma angefanya: aliligeuza rundo. Mzigo ulio juu ndio uliopakiwa mwisho, na uliopakiwa kwanza uko chini kabisa. Miaka sita ilikuwa imemfundisha hivyo kupitia mabegani, na mabega hayasahau. Diski ya chini ikawa ya kwanza.

Siku ya pili Sichone alikuwa bado na mkono wa chuma, ila sasa alikuwa luteni. Diski ilipokwisha alipandishwa cheo kuwa kapteni, kwa sherehe.

"Si alikuwa kapteni jana?" aliuliza Osea. Huyu alikuwa mbadili fedha, mtu wa kwacha na shilingi, asiyepitwa na kitu chochote chenye tarakimu.

"Walimvua usiku," alisema Hezron. "Kwa kukataa kupiga. Leo wamemrudishia."

Siku ya tatu Sichone aliamka sajini, na mkono wa kushoto ulikuwa wa nyama.

Mtu akapiga mluzi. Hezron alihamisha kipaza sauti mkono wa pili. Niliuona mgongo wake, ule wa magunia, ukijikaza.

"Sasa ndugu watazamaji," alisema, "hawa jamaa wa angani wana hospitali. Ule mkono wa chuma ulikuwa wa kushikizia tu, kama pi-o-pi ya mfupa uliovunjika. Wa kwake ulikuwa ukiota humo ndani. Jana usiku wameufungua."

Nilimtazama Afande Jonasi. Alikuwa ameinua mkono wake wa kushoto kutoka gotini, akautazama kidogo, kisha akaurudisha mfukoni.

Mjadala wa kweli ulikuwa nje, kwenye vibanzi vya Faudhia. Mwenye banda huyu alikuwa mwanamke mnene mwenye ushungi wa kijani. Aliuza chai na vibanzi, yaani chipsi, ukutani mwa banda, na kwa kuwa hakuweza kuacha karai, katuni nzima aliifuata kwa masikio kupitia mabati. Hakuwahi kumwona Sichone, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia hamjui.

"Mtu huyu anashuka," alisema Osea. "Kila mchana anapanda cheo kimoja, kila asubuhi anaamka ameshuka viwili. Hiyo si jeshi, hiyo ni kwacha."

"Anakunywa," alisema Manase.

"Hanywi. Sauti yake naijua," alisema Faudhia.

"Sauti ya Hezron hiyo, dada."

"Ya Hezron naijua pia. Ya Sichone iko chini kidogo."

Kabula, mama wa Kisukuma aliyekuwa ameleta ng'ombe mnadani kutoka bonde la Momba na ambaye angepaswa kuwa amesharudi Msangano siku mbili zilizopita, alipuliza chai yake. "Siku ya kwanza alikuwa mpole, hataki kuua. Leo amempiga mtu teke akiwa chini. Anakonda roho. Mimi nauliza, nani anamlisha?"

"Anazidi kuwa kijana," alisema Osea. "Mmeona nywele? Kapteni alikuwa na mvi. Leo hana."

"Pete za barafu," alisema Faudhia akigeuza viazi. "Baridi inatunza. Angalieni watu wa Mbozi."

Wakamgeukia Jonasi, ambaye alikunywa chai yake amesimama, mbali kidogo na karai.

"Afande, wewe unasemaje? Askari anakuwa hivyo?"

"Sijawahi kumwona anayekuwa hivyo," alisema mzee. Akafikiri. "Ila napenda kuona."

Siku ya tano Sichone alikuwa koplo mwenye kiburi, anayecheka wenzake wanapoanguka. Siku ya sita akawa mbaya zaidi, na Hezron akaanza kukonda yeye badala ya Sichone. Alimtafutia sababu kila mara. Akimpiga mfungwa, Hezron alisema mfungwa huyo aliiba mahindi ya yatima. Akimkimbia rafiki yake vitani, Hezron alisema amekwenda kuita gari la wagonjwa, na kwa kuwa gari halikuonekana hadi mwisho wa diski, akasema limekwama kwenye foleni. Siku hiyo madereva walipiga makofi.

Hezron alikuwa akinijia jioni kabla ya giza, tukikaa kwenye ngazi ya lori. "Kaka, wewe umesoma. Mtu anaweza kuanza mwema akaisha mbaya, halafu mzee akakupa binti?"

"Ngoja diski zote ziishe."

"Zimebaki tatu. Leo amemtukana mama yake kwenye simu. Nimetafsiri kuwa ni namba isiyo sahihi."

Nilitaka kumwambia. Kijapani changu cha kuombea chakula kilikuwa kimetosha kusikia "mara ya kwanza" pale ambapo pangekuwa "tena", na nilikuwa nimeanza kushuku. Lakini msafiri ambaye anasahihisha wenyeji siku ya sita hupata shida kupata chai siku ya saba.

Aliyegundua ni Sekela. Alikuwa akifanya kazi kwenye duka la fotokopi, binti mrefu mwenye utulivu wa baba yake. Hezron alimpelekea diski ya mwisho asubuhi ya siku ya tisa ili anakili picha iliyochapwa juu yake kwa ajili ya tangazo. Saa nne alikuja nayo hadi kwenye karai la Faudhia, ambako sisi watatu, Hezron, Manase na mimi, tulikuwa tukinywa chai.

"Hezron, nyingine ziko wapi? Zilete."

Zikaletwa. Akazigeuza juu chini kwenye mwanga, akaonyesha kwa kucha. Karibu na tundu la katikati, kwa tarakimu ndogo kama kichwa cha sisimizi, ya kwanza tuliyoitazama ilikuwa na tisa. Ya pili, nane. Aliyokuwa ameshika yeye ilikuwa na moja.

Mafuta yalichemka.

"Nimezipakua kinyume," alisema Hezron hatimaye. "Mungu wangu. Mkono haukuota. Ulikatika."

"Usiseme," alisema Faudhia mara moja. "Watu sabini wanakuja leo. Yule mama wa Msangano ameacha ng'ombe wake kwa jirani."

"Baba sitamwambia," alisema Sekela. "Lakini akiniuliza, sitamdanganya. Unanijua." Akachukua kikombe cha Hezron, akanywa chai iliyobaki, akarudi kazini. Manase alisema baadaye kuwa katika ushenga wote aliowahi kufanya, hiyo ndiyo dalili nzuri kuliko zote alizoziona.

Hezron alijifungia bandani na ile diski. Saa sita nilichungulia. Ilikuwa ni mwanzo wa kila kitu: mlango wa nyumba ndogo, mama analia, kijana mwenye begi anamuaga na kwenda zake. Kisha barabara, kambi, kunyolewa, kukabidhiwa buti. Kuruta mwoga, mwenye mikono miwili, anayelia usiku chini ya blanketi.

"Hii siwezi kuitafsiri," alisema. "Anaondoka. Hata kipofu angeona anaondoka. Mzee amesubiri siku tisa kuona nitamfikisha wapi, nami namfikisha mlangoni ndiyo kwanza anatoka." Kidole chake kilikuwa kikizunguka juu ya rimoti bila kazi. Kisha kikasimama.

Saa tisa banda lilijaa hadi mlangoni. Hezron alisimama akatangaza kuwa, kwa bahati mbaya, diski ya mwisho ina hitilafu ya sauti, hivyo sauti zote atatoa yeye. Watu hawakujali, wengi wao walidhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Niliona kwenye kona ya juu ya televisheni kipande cha utepe mweusi wa gundi, ule wa mafundi umeme, ambacho jana hakikuwepo.

Alianzia mwisho wa diski na kurudisha nyuma.

Sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri zaidi ya kile kwenye kioo. Risasi zilitoka kwenye shabaha zikarudi ndani ya bunduki. Makuruta walioanguka kwenye tope waliinuka wasafi, wakakimbia kinyumenyume hadi wakapoa. "Mafunzo ya kuaga silaha," alisema Hezron. "Vita imekwisha, ndugu watazamaji. Kila askari anairudisha risasi yake mwenyewe." Kijana aliyelia chini ya blanketi alimeza machozi yake, akatabasamu, akavua blanketi. Kwa kinyozi, nywele zilipaa kutoka sakafuni zikajipanda kichwani moja moja, na Kabula akacheka hadi akashika benchi la mbele.

"Anarudishiwa na nywele," alisema. "Jeshi hili la haki."

Kwenye stoo, Sichone alivua kofia, akavua shati, akavua buti, akavisukuma juu ya meza kwa mtunza stoo, na mtunza stoo akaviweka rafuni na kuandika.

Afande Jonasi alitikisa kichwa mbele na nyuma, taratibu. "Kukabidhi vifaa," alisema, kwa sauti ya mtu anayejisemea. "Ndivyo. Kimoja kimoja. Na unasaini."

Hezron alimsikia. Sauti yake ikashuka ile hatua kidogo ambayo Faudhia alisema ni ya Sichone mwenyewe. Akamsafirisha askari barabarani, kinyumenyume, begi mkononi, kupita miti na vichochoro hadi kwenye ile nyumba ndogo.

"Mbona hageuki?" alinong'ona mtu. "Anaenda kisogo mbele."

"Anaitazama vita," alisema Hezron. "Askari anayerudi haipi vita mgongo mpaka amefika kwao. Anaiangalia isimfuate. Sasa kafika. Mama yake yuko mlangoni, huyo."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, machozi kidevuni. Mwanawe alimjia kinyumenyume hadi akamfikia, ndipo akageuka. Yale machozi yakapanda mashavuni, polepole, yakaingia machoni na kukauka. Mama akamtazama. Mwana akaweka begi chini.

Karai la Faudhia lilikuwa kimya, maana Faudhia, kwa mara ya kwanza katika historia ya banda lile, alikuwa ameacha viazi na kusimama mlangoni kumwona Sichone.

Hapo gundi ikaachia. Televisheni ilikuwa imepata joto kwa saa nzima, na gundi ya umeme ya Tunduma si ya kutegemewa kwa mambo makubwa. Ilijikunja kutoka kona moja, ikaning'inia, ikaanguka. Chini yake mishale miwili ya kijani ilikuwa ikimeta, yote imeelekea kushoto.

Osea alikuwa na deki nyumbani. "Hezron," alisema. "Hiyo mishale inaelekea wapi?"

Hezron aliibonyeza rimoti, picha ikasimama, mama na mwana mlangoni. Akaweka kipaza sauti chini, maana alichotaka kusema hakikuwa cha kipaza sauti.

"Nyuma," alisema. "Leo nimerudisha nyuma. Siku nane zilizopita nilikosea, nilianza na diski ya mwisho nikidhani ni ya kwanza. Nililigeuza rundo kama mzigo. Leo asubuhi nimejua, na leo nimefanya makusudi."

Ikawa kelele. Osea alitaka zote tisa zichezwe upya, sawasawa, kesho. Wengine walitaka viingilio vyao. Wanamwanga wawili walitaka kujua kama basi Sichone kweli alipoteza mkono, na kama ndivyo, nani aliyewaruhusu. Kabula alisema yeye amekwisha elewa na hataki kufundishwa tena.

Afande Jonasi alisimama, na kelele ikapungua kwa sababu ya lile koti. Hezron alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, lakini jibu la posa halitolewi kwa muoaji. Mzee alitafuta kwa macho hadi akampata mshenga.

"Manase."

"Naam, Afande."

"Mwambie huyo kijana, namuuliza: kwa mpango wa hizo namba, inakuwaje?"

Manase alimgeukia Hezron. "Mzee anauliza, kwa mpango wa namba inakuwaje?"

"Nimesikia," alisema Hezron. "Mwambie anaanzia kwa mama yake, ana mikono miwili. Anaenda vitani, anakuwa mkali, anapata vyeo, anapoteza mkono. Mwisho ni kapteni amekaa peke yake dirishani."

"Afande, anasema kwamba anaanzia..."

"Mwambie hiyo naijua," alisema mzee. "Hiyo sihitaji kulipa kiingilio." Alitoa mkono mfukoni, ule wa vidole vitatu, akaelekeza kwenye kioo, kwa mama na mwana waliosimama bila kutikisika. "Mwambie nilisema nataka kuona atamfikisha wapi. Amemfikisha nyumbani. Njia aliyopita sikuuliza."

Manase, ambaye hajawahi kuufikisha ujumbe wowote bila kuupamba, safari hii alifungua mdomo, akaufunga, akasema tu, "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Halafu mwambie," aliendelea Jonasi, "mengine tutazungumza kwangu Jumapili baada ya ibada, na wazee wake waje kutoka Hasamba. Ila katika mahari nataka hizo diski. Zote. Asije mtu akazicheza kwa mpango wa namba."

"Diski ni zangu," alisema Faudhia kutoka mlangoni.

Watu sabini walimgeukia. Alimtazama yule mama wa kwenye kioo, ambaye alikuwa amemwona kwa dakika mbili tu maishani, akafuta mikono kwenye kanga.

"Basi chukueni," alisema. "Lakini mimi nitakaa upande wa bibi harusi, na chakula napika mimi."

Muhuri wetu ulikuja kesho yake asubuhi, tukavuka.

Nilipita tena Tunduma mwaka 2014, tena nikiwa na Manase. Karai la Faudhia lilikuwa pale pale, ila banda lake lilikuwa limekuwa duka la simu, na Hezron ndiye aliyezitengeneza, akimweleza kila mteja kwa kirefu kile ambacho simu yake ilikuwa ikijaribu kusema. Sekela alikuwa amefungua duka lake la fotokopi jirani. Kwa Afande Jonasi, diski tisa zilikuwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni, zimefungwa kwa mpira, namba tisa juu.

Osea ndiye pekee aliyekuwa na uchungu. Alikuwa ameipata katuni ile Nakonde, kwenye flashi, akaitazama yote kuanzia moja hadi tisa, na kwa miezi miwili alikuwa akiwasimulia watu kwenye vibanzi vya Faudhia jinsi ilivyo hasa. Nilimsikiliza, na kila alichosema kilikuwa sahihi.

"Kaka, mwambie na wewe," alinisihi. "Wewe ulikuwepo. Tena umesoma."

Nilitazama karai. Faudhia alikuwa akigeuza viazi, akinisubiri.

"Maskini Osea," alisema Manase, akinipa nafasi kwenye benchi. "Wamemuuzia feki. Kwenye ile yake, askari anaishia bila mkono."